Kwa nini Kaka umekuwa namba mbili

Kaka, shikamoo. Mama naye shikamoo, najua Mwanaidi atamsomea. Wengine wote habari za masiku.

Ujumbe wa Jumapili nimeuona. Kwa ambao umewapita: nilimtumia Mwanaidi picha za karatasi zangu za matibabu anitunzie, zile za kusema nani anisemee na nifanyiwe nini siku nitakayokuwa siwezi kusema, Mwanaidi akamwonyesha Kaka, na Kaka akaandika kwenye kundi letu la familia, "Mdogo wenu kaenda Marekani kuandikisha karatasi ya kufa, na roho yake kamkabidhi Mkenya, mtu baki. Sisi wa tumbo moja hatufai?" Mama Mdogo akaongeza niache uchuro. Mjomba akaweka mikono miwili ya dua. Basi, kimya.

Siku nne sikujibu. Nilikuwa na zamu mfululizo, na pia nilikasirika, sitaficha. Leo nimepumzika, chai ipo mezani, nitajibu kwa kirefu. Nitasema na mengine ambayo humu ndani hatujawahi kusemezana.

Kwanza kazi yangu. Nikiwaambia "nipo hospitali" mnanipigia picha ya nesi mwenye koti jeupe na sindano. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee hapa Houston, jimbo la Texas. Nawageuza watu ubavu kila baada ya saa mbili wasipate vidonda. Nawabadilisha nepi, nawaogesha, nawalisha chakula kilichosagwa kikawa kama uji wa mtoto. Ndilo boksi langu hilo, na ndilo lililopaua nyumba ya Mama.

Chumba cha mwisho kwenye korido yangu kuna bibi. Haongei, hageuki, hafumbui macho ukimwita. Chakula kinaingia kwa mpira uliotobolewa tumboni, usiku kucha mashine inasukuma tone kwa tone. Vidole vyake vimejikunja ngumi, haikunjuki tena, kwa hiyo kila asubuhi kazi yangu ni kuviringisha kitambaa kidogo na kukipenyeza kiganjani ili kucha zisimtoboe ngozi. Nakipenyeza polepole huku nikimwambia samahani bibi, kwa Kiswahili, maana hata Kiingereza hasikii. Yuko hivyo mwaka wa tatu. Ana watoto watatu. Mmoja anataka mpira utolewe, wawili hawataki, na wakija kumwona wanapangana siku wasikutane mlangoni. Bibi hakuandika chochote alipokuwa na akili zake.

Na nimemkandamiza kifua babu wa miaka 91. Moyo ulisimama wakati wa chakula cha jioni, tukamlaza chini, tukaanza. Mbavu zinavunjika, Kaka. Unazisikia chini ya viganja, kama fito kavu. Sheria ya kazi iko wazi: asiye na karatasi ya kukataa huhesabiwa anataka kila kitu kifanyike, hata kama ana miaka 91 na uzito wa kilo 40. Huwezi kusimama pale ukasema mzee huyu apumzike. Hatukumrudisha.

Nilipofika hapa nilidhani hizi karatasi ni mambo ya Wazungu wasio na ndugu. Mpaka mwenzetu mmoja alipoanguka.

Alikuwa kijana wa Bagamoyo, dereva wa malori. Kiharusi kilimkuta kituo cha mafuta, kichwani mwake damu ikavuja, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Tulijaa pale hospitali nusu ya Watanzania wa Houston, na vyungu vya pilau mkononi kama kawaida yetu. Kwa wakati huo alikuwa anaishi na dada mmoja, mwaka wa tatu, dada anayejua mpaka vidonge vyake vya presha anameza saa ngapi na vipi hamezi. Mkewe wa ndoa walishaachana miaka sita nyuma, yuko jimbo jingine. Talaka aliiandika mwenyewe, karatasi ya daftari, mbele ya shehe.

Sasa sikilizeni sheria ya Texas. Mgonjwa akishindwa kujisemea na hana karatasi, daktari anamtafuta mume au mke. Kama hayupo, watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Kama hawapo, wazazi. Kama hawapo, ndugu wa karibu aliye hai. Mmemwona baba mkubwa hapo? Mjomba? Shangazi, ambaye bila yeye kikao chetu hakifungwi? Hakuna kikao. Na talaka ya daftari mahakama haiijui. Texas haina hata ile hali ya kutengana kisheria: ama mmeachana mahakamani, ama bado ni mume na mke. Yule dada aliyekuwa akimpimia presha akaambiwa kwa adabu akae chumba cha kusubiria. Texas wanayo pia ndoa ya watu kuishi pamoja na kujitambulisha mume na mke, lakini hiyo haisimami kama ya kwanza haijafutwa.

Mke akapigiwa, akapanda ndege, akaja. Nitakuwa mkweli: alikuja kwa heshima. Alikaa siku tisa, aliuliza maswali ambayo sisi wenye pilau hatukuyafikiria. Siku ya kumi akakubali mashine iondolewe. Mama mtu kule Bagamoyo alikuwa anapiga simu saa tano asubuhi yake, huku kwetu saa nane ya usiku, anaambiwa na nesi kwamba habari za mgonjwa hazitolewi kwa simu kwa mtu wasiyemjua. Mpaka leo anaamini mkwewe alimuua mwanawe apate mali. Mali gani? Lori lenyewe lilikuwa la mkopo. Lakini nenda kamweleze.

Wamarekani wenyewe yamewakuta mbele ya dunia nzima. Kulikuwa na mwanamke wa Florida, Terri Schiavo, alianguka mwaka 1990 moyo ukasimama, ubongo ukaharibika. Mumewe alisema mke wangu asingetaka kuishi hivi, wazazi wake wakasema si kweli. Miaka ikaenda mahakamani, hadi Machi 2005 Rais Bush akakatisha mapumziko yake shambani Crawford, hapa hapa Texas, akarudi Washington kutia saini sheria ya mgonjwa mmoja tu. Mpira ulikuwa umeshatolewa, na mahakama zikakataa kuurudisha. Alifariki tarehe 31 mwezi huo huo. Kilichogombewa miaka yote hiyo ni maneno aliyowahi kuyasema mdomoni, nani aliyasikia na nani hakuyasikia.

Tuje kwangu. Mume sina, na ndoa yangu ilifutwa mahakamani, nashukuru. Binti yangu ana miaka 16, sheria haimtambui bado. Baba katangulia. Kwa hiyo nikigongwa na gari kesho nikiwa sina karatasi, Kaka, daktari hakupigii wewe. Anampigia Mama. Mama mwenye miaka 74 na simu ya kitochi ambayo chaji inamfikisha saa saba mchana. Atatafutiwa mkalimani wa kwenye simu, huenda akawa Mkongo wa Bukavu mwenye Kiswahili chake cha kule, halafu Mama aambiwe ubongo wa mwanao umeharibika, tuendelee au tuache? Ajibu. Halafu akate simu aende akalishe kuku. Hilo ndilo nililokuwa namwepusha. Karatasi inamvua Mama mzigo huo, ndiyo kazi yake ya kwanza.

Sasa utasema, sawa, si ungeniandika mimi.

Nalisema hili kwa adabu zote, na naanza na kosa langu. Mwaka 2014 nilikuwa likizo. Daktari alikuita wewe nje, akakwambia saratani ya tezi dume ya Baba imeshafika kwenye mifupa. Ulirudi ndani ukasema "Baba ni mifupa tu ya uzee." Mimi nilijua, nikanyamaza. Sote tulijua isipokuwa mwenye mwili wake. Tukauza shamba la michungwa, hela nyingine nikatoa mimi, tukakodi gari la wagonjwa la kumpeleka Dar. Baba alikuwa ameshasema mara mbili anataka kubaki Muheza. Tulimwona mzee anadeka.

Mimi nilikaa nyuma naye. Wewe ulikaa mbele na dereva, kwa hiyo haya hukuyasikia, na miaka yote hii sijakwambia. Alinishika hapa, kwenye kifundo cha mkono, akaniuliza, "Mwanangu, tunaenda wapi?" Nikasema kutibiwa, Baba. Akasema, "Nani kasema?" Sikuwa na jibu. Akageuza uso akawa anaangalia dirishani. Tulipopita Segera akakata roho, na gari likageuzwa.

Mnanishangaa kuandika nini kifanyike siku nitakayokuwa siwezi kusema. Baba alikuwa anasema. Sauti ilikuwepo, akili ilikuwepo, mpaka alama za michungwa iliyokuwa na ugonjwa alikuwa anazikumbuka mti kwa mti. Tulimzunguka kitandani tukaongea juu yake kama anavyoongelewa mtoto mchanga.

Kwa hiyo Kaka, wewe ukipigiwa simu kutoka Houston utasema wafanye kila kitu. Nakujua. Utasema hivyo kwa mapenzi, utauza na kiwanja. Na mimi nitalala miaka mitatu na kitambaa kiganjani, na mtu kama mimi ananiambia samahani kwa lugha nisiyoisikia. Ndiyo maana wewe ni namba mbili. Fomu ina nafasi ya mtu wa akiba, wa kwanza asipopatikana au akishindwa. Hapo nimekuandika jina lako kamili na la ukoo na namba zako zote mbili, ya Yas, iliyokuwa Tigo, na ya Airtel. Mwanaidi angekuonyesha na ukurasa wa pili ungeona.

Namba moja ni Mama Kevin, Mkamba wa Machakos. Mwaka wa saba tunafanya kazi pamoja, yeye ni nesi kamili. Anakaa dakika kumi kwa gari kutoka kwangu. Kuna jambo sikuwaambia: mwaka 2019 nilifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Mama, samahani, sikutaka ukose usingizi. Siku ile dirisha la mapokezi karani aliniuliza, "Una maelekezo ya mapema ya matibabu?" Wanamuuliza kila anayelazwa, ni sheria ya nchi nzima tangu Desemba 1991 kwa hospitali zinazolipwa na bima za serikali. Mimi ambaye naona hizo karatasi kila siku kazini nikajibu hapana. Karani akaandika hapana, akaendelea na swali la mzio. Mama Kevin alikuwa kasimama nyuma yangu kashika mkoba wangu. Hakusema kitu. Kwenye gari wakati wa kurudi ndiyo akanisema, na mnajua Wakamba wanavyosema wakianza.

Hata hivyo nilichelewa miaka. Machi mwaka huu ndiyo tumekaa, mezani kwangu, na maandazi. Fomu ni za bure, zipo kwenye tovuti ya idara ya afya ya jimbo, hakuna wakili. Moja ni ya kumteua msemaji wako. Nyingine ni maelekezo kwa madaktari: ukiwa na ugonjwa ambao hata ukitibiwa unatarajiwa kufa ndani ya miezi sita, unataka nini? Na ukiwa na hali isiyoponyeka, huwezi kujihudumia wala kujiamulia, unataka nini? Unatia herufi za jina lako mbele ya jibu moja.

Mimi kwenye mistari ya nyongeza niliandika kwa mbwembwe, "Nisiteseke." Mama Kevin akasoma, akasukuma karatasi nyuma. "Nisiteseke ni nini? Nikisimama mbele ya daktari saa tisa usiku nimwambie alisema asiteseke, ataniuliza, dada, sasa nifanye nini?" Tukaanza upya, ikachukua jioni nzima. Mpira wa kulishia ukiwa wa wiki mbili tatu kunivusha, sawa. Ukiwa wa kuishi nao na simtambui binti yangu, hapana. Mashine ya kupumulia wajaribu, wampe Mama Kevin tathmini ya kweli, asidanganywe kwa matumaini. Dawa ya maumivu nipewe hata kama inanilaza. Nisomewe Yasini, hata kwa simu ya spika. Nivalishwe mtandio wakija wageni wanaume. Hilo la mtandio alilitaja yeye, Mkristo wa Machakos, maana ananijua.

Mashahidi wawili walikuwa jirani yangu Mnigeria na dada anayenisuka. Angalau shahidi mmoja lazima asiwe ndugu wala mrithi wala mtu wa hospitali inayokutibu, na msemaji wako hawezi kuwa shahidi huyo. Ukitaka unaweza kwenda kwa anayethibitisha viapo badala ya mashahidi. Jirani alisaini kisha akauliza, na yeye anaweza kupata fomu? Nikamchapishia.

Mama Mdogo, kuhusu uchuro na kumwachia Mungu. Nilimuuliza imamu wa msikiti wetu. Akaniuliza yeye, je, hujasikia Mtume alisema Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale usiku mbili ila wasia wake umeandikwa uko kwake? Na akasema kuacha tiba isiyo na faida tena si kujiua. Sikuongeza kitu changu hapo. Na karatasi hainifungi: naweza kuichana leo. Haimpi Mama Kevin hata senti yangu. Haimpi hata neno mpaka daktari athibitishe kwa maandishi kwamba siwezi kujiamulia. Mimi nikiwa macho na kinywa changu, nasema mwenyewe.

Na nikishakufa uwezo wake unaisha hapo hapo. Mazishi yana karatasi yake nyingine, na hiyo sijaijaza, nakusubiri wewe. Mimi naona nizikwe hapa, kesho yake, makaburi ya Waislamu yapo, badala ya jamaa kupitisha bakuli la maelfu ya dola huku nakaa kwenye jokofu wiki mbili. Najua hutaki kusikia. Mama Kevin ndiye aliyenikumbusha yule wakili wa Nairobi, S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 akazikwa Mei 1987, mjane na ukoo wakivutana mahakamani azikwe wapi. Miezi mitano mtu anasubiri. Sitaki tufike huko, kwa hiyo nipigie tuongee, hata tukigombana tugombane sasa hivi.

La mwisho ni la Mama. Juzi Jumamosi nilimpigia, nikamuuliza moja kwa moja, kwa kuogopa kweli kweli: Mama, ukiugua ukashindwa kusema, unataka tukufanyie nini? Nilitegemea anikemee. Akacheka. Akasema sanda yake iko sanduku la bati chini ya kitanda, na udi, na marashi, kainunua mwaka ule Baba alipofariki, kwa hiyo nisimfundishe uchuro. Halafu akasema, "Mimi Dar msinipeleke. Hospitali ya Bombo hapo Tanga sawa, nikishindikana hapo nirudisheni kwangu. Na nikiwa na ugonjwa niambieni jina lake." Nikamuuliza kama hayo ameshamwambia Kaka. Akasema kaka yako hajawahi kuniuliza, mwandikie wewe.

Nimekuandikia.